Siku ya Tatu Baada ya Sindano ya Jicho

Mmeniomba niandike. Siku ile mliponiaga kazini, wauguzi wenzangu, kati ya pilau na soda, mlisema niwaachie uzoefu wangu, kana kwamba uzoefu ni mkasi ambao mtu anauweka kwenye droo na kuondoka. Nilicheka tu. Lakini tangu nirudi kijijini Kitura nimekuwa na muda mwingi kuliko ninavyojua kuutumia. Kahawa imeshachumwa, mvua bado haijaanza, na mtu aliyezoea kuita majina ya wagonjwa tangu saa moja asubuhi hawezi kukaa kutwa akitazama migomba. Basi nimechukua daftari.

Vyeo vyangu sitavieleza. Havikuwa vingi, na hakuna mgonjwa aliyepona kwa sababu ya cheo changu. Nitaandika kuhusu chumba chetu cha macho pale Mbinga, kuhusu sindano ya jichoni, na kuhusu Mwalimu Challe wa Lituhi. Baadhi yenu mmesikia nusu ya habari zake. Nusu nyingine ni yangu.

Nilihamishiwa chumba cha macho nikitoka wodi ya wazazi, msimu wa kuchuma kahawa. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kapinga, muuguzi wa macho tangu mimi sijui kusoma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akitazama vidole vyangu.

"Umenawa?"

"Nimenawa, Mzee."

"Kanawe tena."

Nikanawa tena, nikarudi. Akanirudisha bombani mara ya pili, kisha ya tatu. Nikamweleza kwamba ule weusi ulikuwa utomvu wa kahawa, nilisaidia kuchuma nyumbani mwisho wa wiki, hautoki kwa sabuni.

"Basi usiguse jicho la mtu mpaka utoke," akasema, akaendelea na kazi.

Karibu wiki mbili za kwanza nilifagia, nilipanga mafaili, na niliwasimamisha watu mbele ya ubao wa herufi. Nilimchukia. Lakini tangu mwaka ule sijachuma kahawa bila glovu, na ndugu zangu wananicheka mpaka leo.

Mzee Kapinga alinifundisha pia kutomtajia mgonjwa jina lake. Alisema ukimwuliza mama, "Wewe ndiye Maria Ndunguru?" atakubali hata kama ni Maria Komba, kwa sababu anakuheshimu na anataka kumaliza arudi shambani. "Mwulize jina lake nani, na leo tunatibu jicho lipi. Halafu funga mdomo, usubiri." Mnajua wilaya yetu ilivyo. Asubuhi moja tulikuwa na akina Kapinga wanne kwenye benchi, na hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzake wala wa Mzee.

Miaka ile tulitibu mtoto wa jicho, presha ya jicho, vikope, na watoto waliochomwa na majani ya mahindi. Mtu mwenye ugonjwa wa retina tulimrudisha nyumbani. Retina ni utando ulio nyuma kabisa ya jicho, ndio unaopokea picha ya kila tunachokiona. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi, vimishipa vya pale vinavuja, utando unavimba, na mgonjwa anaanza kuona doa katikati ya uso wa mtu anayeongea naye. Mzee Kapinga alikuwa akimtazama mgonjwa wa namna hiyo kwa muda mrefu, kisha anarudisha tochi mfukoni na kusema, "Jicho hili limechoka." Nami nikajifunza kusema hivyohivyo. Nimewaambia watu wengi kwamba macho yao yamechoka. Walinishukuru, wakaondoka.

Kisha akaja Dakta Haule. Alikuwa bingwa wa macho kutoka hospitali kubwa ya mbali, akaanza kutuletea huduma ya mkoba kila mwezi. Alikuja na sanduku la baridi, na ndani yake dawa ya sindano inayozuia vile vimishipa kuvuja. Sindano yenyewe inaingia ndani ya jicho. Siku ya kwanza alipowaeleza wagonjwa, bibi mmoja wa Mbamba Bay alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akamwamkia daktari kwa adabu ingawa daktari ni mdogo kwake, akatoka nje akapanda basi dogo la kurudi ziwani. Hatukumwona tena. Mimi nami, kama si sare, huenda ningemfuata.

Nimeiona kazi ile mara nyingi sana na bado sikuwahi kuizoea, na nawaomba nanyi msiizoee. Daktari hachomi kokote. Anapima kwa kifaa chake milimita chache kutoka ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho, akizingatia kama mgonjwa ana lenzi yake mwenyewe au aliwahi kufanyiwa upasuaji. Lakini kabla ya hapo kuna kazi yetu sisi, na hapo ndipo jicho linapopona au kupotea. Kope zenye ukoko au uvimbe, mgonjwa anarudi nyumbani kutibiwa kope kwanza, hata kama ametoka Lituhi. Jicho lenye tongotongo, hivyohivyo. Aliyepata kiharusi au shida ya moyo hivi karibuni, daktari aambiwe kabla hajavaa glovu. Alama ya kalamu inawekwa juu ya jicho linalotibiwa, mgonjwa akiwa amekaa na akili yake timamu. Iodini ya kuua vijidudu inadondoshwa juu ya jicho na inaachwa ifanye kazi. Mgonjwa atalalamika inawasha, na ni kweli inawasha, lakini msiifupishe kwa huruma. Barakoa kwa wote, na hakuna maongezi juu ya jicho lililo wazi. Kichupa cha mgonjwa mmoja ni cha mgonjwa mmoja. Mkishawishika kugawana kilichobaki, kumbukeni kwamba uchafu ukiingia humo utaingia kwa wote.

Ile alama ya kalamu ina historia. Siku moja nilimwandaa mama mmoja, nikamlaza, nikamfunika kitambaa kilichoacha jicho la kushoto. Dakta Haule alishika kifaa chake, kisha akamwuliza kupitia kitambaa, "Mama, leo tunatibu jicho lipi?" Sauti ndogo ikajibu, "La kulia, baba, lakini kama ninyi mmeona hili ndilo bora, sawa." Nilikuwa nimesoma faili la mwenzake. Dakta Haule hakunigombeza. Aliomba tuanze upya, na kuanzia siku ile kalamu ikakaa kwenye trei.

Kuna mwezi gari lililoleta sanduku lilinasa kwenye tope siku nzima, na lilipofika barafu ilikuwa imekuwa maji ya uvuguvugu. Benchi lilikuwa limejaa. Wengine walikuwa wamelala kwa jamaa zao mjini siku mbili wakisubiri. Kwa macho dawa ilionekana nzuri tu, safi kama maji. Dakta Haule aliitazama kidogo, akaniambia niwatangazie. Nilisimama mlangoni nikawaambia watu warudi makwao. Mzee mmoja akaniuliza, "Nesi, hiyo dawa imeharibika au mmeamua tu?" Sikumjibu vizuri. Baadhi yao hawakurudi mwezi uliofuata, na jicho linalosubiri halisubiri kwa uvumilivu.

Mwalimu Challe alikuja wakati huo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, amenyoa ndevu vizuri hata baada ya safari ya Lituhi. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa kabla hatujapata sindano hizi. Mtu fulani wa chumba chetu alimwambia limechoka, na huenda nilikuwa mimi. Jicho la kulia ndilo lililobaki, nalo lilikuwa limeanza kuvimba.

Mkewe, Mama Anjela, alimshika mkono kuingia na kutoka. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni, nyumbani walisema Kinyasa, naye hakujua kusoma. Mwalimu alinitania kwamba alifundisha wilaya nzima kusoma akasahau nyumbani kwake. Mama Anjela hakucheka.

Alichomwa sindano ya kwanza, ya pili na ya tatu, na jicho likapata nafuu. Baada ya ile ya tatu alisimama mbele ya ubao akasoma mistari miwili chini zaidi ya mwanzo, akageuka kunitafuta chumbani, akasema, "Nesi Dafroza, kumbe una mvi." Jumapili iliyofuata alisoma somo kanisani kwao bila mtu kumnong'oneza maneno. Alinipigia simu kunieleza. Namba ya chumba cha macho nilikuwa naishika mimi.

Siku ya sindano ya nne benchi lilifika mpaka uani. Sindano yenyewe ilikwenda vizuri, hakuna hatua iliyorukwa. Baada ya sindano daktari alionyesha vidole, Mwalimu akavihesabu, akatolewa nje. Hapo ilikuwa zamu yangu kuwaeleza dalili za hatari. Nilikuwa nimewaeleza mara tatu kabla. Nikampa Mwalimu karatasi ya maelekezo, nikamgusa bega nikasema, "Mambo yako unayajua, Mwalimu. Wekundu kidogo ni kawaida." Akaikunja karatasi akaiweka mfuko wa shati. Fikirini jambo hilo. Nilimpa karatasi mtu ambaye jicho lake moja limekufa na la pili limetoka kuchomwa sindano, na aliyemshika mkono hajui kusoma.

Siku ya tatu simu ililia. Ilikuwa saa nne hivi asubuhi, mtoto analia mbele yangu na mama yake ananiuliza kitu. Nikaishika simu kwa bega.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Nesi. Samahani kukusumbua. Hili jicho limekuwa jekundu, na linanisumbua kidogo."

"Wekundu ni kawaida, Mwalimu. Usilisugue, na usiliingizie maji ya ziwa."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Kawaida?"

"Kawaida kabisa. Litaisha."

"Haya. Asante, mwanangu."

Sikumwuliza kama linauma. Sikumwuliza kama anaona vilevile alivyoona jana. Alisema linamsumbua kidogo, na mimi niliyemfahamu kama mtu asiyelalamika sikujiuliza kidogo ya mtu kama yeye ni kiasi gani.

Siku ya tano waliingia bila kupiga simu. Walikuwa wamepanda na gari la mizigo, na Mwalimu alikuwa amefungwa uso kwa kitambaa cha mkewe kwa sababu mwanga ulikuwa unamchoma. Nilipokifungua, kope zilikuwa zimevimba, na ndani ya jicho, mbele, usaha mweupe ulikuwa umetuama chini kama maziwa kwenye glasi. Nilinyanyua mkono mbele yake.

"Mwalimu, vidole vingapi?"

"Umeninyooshea vidole?" akauliza.

Nilimpigia Dakta Haule. Sauti yake ilibadilika mara moja. Aliniambia dawa za kuanza nazo, akasema mgonjwa aondoke sasa hivi, asisubiri kesho, kwa sababu jicho la namna ile linahitaji dawa ya kuua vijidudu ichomwe ndani yake katika saa chache, siyo baada ya siku. Gari la hospitali lilipatikana. Wakati tunampakia, Mama Anjela aliniuliza kwa Kiswahili chake kibovu kama mumewe atarudi anaona. Nikamwambia kwa Kinyasa changu kibovu, tuombe.

Hospitali ya rufaa walimchoma dawa ndani ya jicho usiku uleule alipofika, wakamfanyia na upasuaji. Jicho lenyewe lilibaki mahali pake. Kuona hakukubaki. Kwa majuma machache alitambua kama taa imewashwa, baadaye na hilo likaondoka.

Hospitali ilifanya uchunguzi, kama inavyopaswa. Wagonjwa wengine wa siku ile walipigiwa simu mmoja mmoja, wote walikuwa salama. Dawa haikuwa na kasoro, wala vifaa. Dakta Haule alitueleza kwamba vijidudu vinaweza kuingia mara chache hata pale kila kitu kimefanywa sawasawa, na ndiyo sababu mgonjwa lazima arudi haraka akiona dalili. Kisha tukapewa fomu. Kulikuwa na mstari unaouliza kama mgonjwa aliwasiliana na kituo kabla ya siku aliyoletwa. Niliandika: Hapana.

Neno moja. Niliandika haraka, kwa mwandiko mzuri.

Mwisho wa wiki nilikwenda kwa Mzee Kapinga, aliyekuwa amekwisha kustaafu na anaishi nje kidogo ya mji. Mtu aliyenirudisha bombani mara tatu, nilidhani atanirudisha na safari hii. Nilimweleza yote, na simu, na fomu. Alinisikiliza akikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Umeshaandika hapana," akasema. "Iache iwe hapana."

"Mzee?"

"Jicho halitarudi kwa wewe kusema. Una watoto shuleni. Mimi nimekaa chumba kile miaka mingapi? Unafikiri sina hapana zangu?"

Alitazama pembeni. Nilimaliza chai nikaaga. Sikuwahi kumwuliza hapana zake ni zipi, na sasa ameshazikwa. Nilimpenda Mzee yule, na nilimtii kwa majuma kadhaa, na kila siku ya majuma hayo nilikwenda kazini na kuwafundisha wauguzi wadogo jinsi ya kujaza fomu.

Kilichonivunja ni usipa. Mama Anjela alikuja Mbinga kwa shughuli zake, akapita chumbani na kikapu cha usipa, dagaa wakavu wa ziwani. Akaniambia, "Mwalimu anasema asante kwa kumpeleka rufaa haraka. Anasema wewe hukuchelewa." Aliniwekea kikapu juu ya meza, akakiweka sawa kifuniko chake, akaenda. Nilifunga mlango. Benchi lilikuwa limejaa na niliwaacha wasubiri.

Dakta Haule alipokuja mwezi ule nilimwambia kabla hajafungua sanduku lake. Alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na doa.

"Fomu itasahihishwa leo," akasema. "Mgonjwa anajua?"

"Anajua alipiga simu. Hajui kwamba jibu lilikuwa baya."

"Basi hajui."

Nilipewa barua ya onyo na kuondolewa chumba cha sindano kwa muda. Nilistahili zaidi ya hapo. Siku mbili baadaye nilipanda gari la Lituhi.

Nyumba yao iko karibu na ufuko, na siku ile vichanja vya samaki vilikuwa vimejaa mpaka mlangoni. Mwalimu alikuwa amekaa ndani, redio imezimwa. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti, akafurahi, akamwita mkewe alete kiti. Nilikataa kiti. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa maneno niliyoyapanga njia nzima na yaliyonitoka bila mpango wowote. Nilimwambia siku ile ya tatu nilipaswa kumwuliza kama linauma na kama anaona. Nilipaswa kumwambia apande siku ileile. Nilimwambia na habari ya fomu.

Nje watu walikuwa wanabishana kuhusu nyavu.

"Ningepanda siku ile ningeona?" akauliza.

"Sijui, Mwalimu. Hakuna anayeweza kusema. Lakini ungekuwa na nafasi kubwa zaidi."

"Lilikuwa linauma sana," akasema polepole. "Usiku ule niliuma blanketi. Na asubuhi nikaona ukungu. Nikataka kukuambia ukungu, wewe ukasema kawaida, nikaona nitaonekana mwoga." Akageuza uso upande wa mlango, alipokuwa amesimama mkewe. "Mama Anjela, umesikia? Miezi yote hii unaniambia sikukaza kusema kwenye simu. Na mimi nimekubali. Nimekaa hapa nikijilaumu kwamba nimelipofusha jicho langu kwa aibu."

Mama Anjela alianza kulia. Mwalimu hakulia. Uso wake ulikuwa umekuwa mgumu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na nilifahamu kwamba wanafunzi wake walikuwa wameuona.

"Umefanya vizuri kuja," akaniambia. "Sasa nenda, Nesi. Nina hasira, na sitaki kukutukana nyumbani kwangu."

Nikaondoka. Nilirudi na gari lililobeba mihogo, nikiwa nimekaa juu ya magunia.

Niliporudishwa chumba cha sindano nilibadilisha mambo machache, na haya ndiyo mnayoyakuta leo mkadhani yalikuwepo siku zote. Neno kawaida halitumiki humo. Mgonjwa anaelezwa kwa mdomo kwamba doa jekundu kwenye weupe wa jicho, muwasho wa siku ya kwanza na vijidoa vinavyoelea kwa siku moja au mbili vinaweza kutokea na hupungua kila siku. Kisha anaelezwa yale yasiyosubiri: maumivu yanayoongezeka, kuona kunakopungua, mwanga kuchoma, wekundu unaozidi, hasa ndani ya wiki ya kwanza. Anayemsindikiza anaelezwa pia, kwa lugha ya nyumbani kwake, na kama hatuijui tunamtafuta anayeijua, hata kama ni mpishi. Halafu wote wawili wanarudia. Si kusema "tumeelewa", bali kurudia. Na anayepokea simu anauliza mambo matatu kabla hajasema lolote: Linauma? Unaona kama jana? Mwanga unakuchoma? Jibu likiwa na shaka, neno ni moja tu, njoo leo.

Kwa hayo matatu nilimwita muuza samaki mmoja wa Mbamba Bay apande siku ya pili baada ya sindano. Alikuja akinung'unika kwamba samaki wake wataoza. Jicho lilikuwa limeanza kushambuliwa na vijidudu. Alitibiwa mapema, na leo anaona, ingawa si kama zamani. Ananiambia uzi kwenye sindano ya kushonea haumtii tena. Hayo ndiyo mafanikio yangu makubwa niliyonayo ya kuwasimulia, na mnaona yalivyo.

Miaka ikapita bila habari za Mwalimu Challe isipokuwa kwa watu. Mwezi wangu wa mwisho kazini, siku ya sindano, niliita jina lililofuata kwenye faili, wakaingia wawili wameshikana mikono. Safari hii aliyekuwa akiongozwa ndiye msindikizaji. Mama Anjela alikuwa amepata kisukari, na retina yake ilikuwa imevimba.

Nilimwamkia Mwalimu. Akaitikia. Hakusema zaidi ya hapo, akapapasa benchi, akakaa, fimbo katikati ya magoti.

Mama Anjela alichomwa, akahesabu vidole, akatoka. Nilianza kuwaeleza. Mwalimu aliinua mkono kama anayenyamazisha darasa.

"Simu atapokea nani?"

Nikamwambia mimi naondoka mwisho wa mwezi, kwa hiyo namba itashikwa na Nesi Imelda, binti aliyekuwa amesimama pale na trei ya vifaa. Baadhi yenu mlikuwepo.

"Asogee nimsikie."

Imelda akasogea, akaamkia.

"Nikikupigia siku ya tatu nikakuambia jicho la mke wangu jekundu, utaniambia nini?"

Imelda alinitazama. Sikumsaidia.

"Nitauliza kama linauma," akasema. "Nitauliza kama anaona kama jana. Nitauliza kama mwanga unamchoma."

"Na mimi nikisema kidogo?"

"Nitasema mje leo."

"Sema tena. Yote. Kwa sauti, na yeye asikie."

Imelda akasema tena yote, Mama Anjela akarudia kwa Kiswahili, kisha Mwalimu akamrudishia kwa Kinyasa, naye akarudia tena. Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayeweka alama ya vema kwenye daftari, akasimama. Alinipita karibu kiasi kwamba mkono wake uligusa sare yangu. Hakusimama.

Siku ya tatu nilikuwa nimekwenda ofisi ya utumishi kushughulikia karatasi za kustaafu. Niliporudi, Imelda aliniambia simu ya Lituhi ilikuwa imelia saa nne. Alikuwa Mwalimu mwenyewe. Alisema jicho haliumi, mkewe anaona, mwanga haumchomi. Imelda akamwuliza tena yote matatu hata hivyo, naye akayajibu moja moja bila kukasirika, akaaga.

Nikamwuliza Imelda kama Mwalimu aliniulizia.

"Hapana, Nesi," akasema.